Madoa ya chui, milia ya punda: mwongozo kamili wa kukokotoa na kuchora ruwaza za ngozi

Kanu ana madoa mwilini na pete mkiani, tangu shinani hadi karibu na ncha. Duma vilevile: madoa mwili mzima, pete mwishoni mwa mkia. Sasa mtafute mnyama wa kinyume chake, mwenye milia mwilini na madoa mkiani. Utachoka. Sababu yake inaweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi, kisha ikathibitishwa kwenye kompyuta ya kawaida jioni moja.

Unachohitaji: kikokotoo, kompyuta yenye Python (lugha ya kuandikia programu), na maktaba mbili za bure, NumPy na Matplotlib (kwenye dirisha la amri andika `pip install numpy matplotlib`). Hisabati ya sekondari inatosha. Usirukie kompyuta kabla ya hatua ya 3. Wengi huanza kwa kuchezacheza namba hadi picha nzuri itokee, kisha hawajui imetoka wapi wala kwa nini imepotea walipogusa namba moja.

Hatua ya 1: Elewa nani anavuta na nani anaishiwa

Mwaka 1952 Alan Turing, Mwingereza tunayemkumbuka zaidi kwa kompyuta, alichapisha makala kuhusu jinsi kiinitete kinavyopata umbo. Wazo lake lilikuwa la kushangaza. Kwa kawaida kusambaa hufuta tofauti: sukari hukolea chai nzima, wino huenea majini mpaka maji yote yawe na rangi moja. Turing alionyesha kwamba vitu viwili vinavyoathiriana, vikisambaa kwa kasi mbili tofauti, vinaweza kufanya kinyume, yaani kuzaa tofauti mahali ambapo palikuwa sawasawa.

Fikiria magenge ya nyanya na vitunguu pembeni mwa barabara ndefu. Mama mmoja akitandika biashara yake, wapiti njia husimama. Mwingine naye anaona afadhali akae jirani yake, maana wateja tayari wanasimama pale. Magenge yanavuta magenge, lakini kwa karibu tu. Wateja nao wanatembea: kundi hilo linawanyonya wa huku na huku, na anayefungua genge mita mia mbili kutoka hapo hauzi kitu. Inabidi aende mbele zaidi, ambako wateja bado wamejaa. Mwisho wa yote barabara inakuwa na vikundi vya magenge vilivyoachana kwa nafasi zinazokaribiana, na hakuna bwana mipango aliyevipanga.

Kwenye ngozi, magenge ni kichochezi; tukiite u. Wateja ni kile ambacho kichochezi hukila ili kiongezeke, tukiite v. Sharti kubwa ni kwamba v isambae kwa kasi kuliko u. Uwiano wa kasi hizo tutauita d.

Hatua ya 2: Andika milinganyo

Tutatumia modeli ya Schnakenberg ya mwaka 1979, kwa sababu hesabu zake zinatoka safi:

    badiliko la u = a − u + u²v + kusambaa kwa u
    badiliko la v = b − u²v + d × kusambaa kwa v

Herufi a na b ni kiasi kinachoingia kila wakati. Sehemu ya u²v ndiyo biashara yenyewe: u inakula v na kuongezeka, na inaongezeka kwa kasi zaidi pale ilipo nyingi. Ndiyo maana u imezidishwa kwa yenyewe.

Weka a = 0.1 na b = 0.9. Tafuta hali ya utulivu, yaani thamani ambazo mabadiliko yote mawili ni sifuri bila kusambaa. Jumlisha milinganyo miwili: u = a + b = 1. Kisha v = b ÷ u² = 0.9. Ngozi yenye u = 1 na v = 0.9 kila mahali haina doa hata moja. Swali ni kama itabaki hivyo ikitikiswa kidogo.

Hatua ya 3: Pima kama ruwaza inawezekana

Hapa ndipo kazi ilipo. Unahitaji namba nne zinazoonyesha kila kitu kinamsukuma mwenzake kiasi gani karibu na hali ya utulivu:

p, u ikijisukuma yenyewe: −1 + 2uv = −1 + 1.8 = 0.8
q, v ikiisukuma u: u² = 1
r, u ikiisukuma v: −2uv = −1.8
s, v ikijisukuma yenyewe: −u² = −1

Angalia alama. Kichochezi kinajiongeza (p ni chanya), na kinaimaliza v (r ni hasi). Ukipata p hasi, umekosea hesabu au umechagua namba zisizoweza kuzaa ruwaza, rudi nyuma.

Masharti ni manne. Mawili ya kwanza yanasema kwamba bila kusambaa, mfumo unatulia wenyewe:

p + s lazima iwe chini ya sifuri: 0.8 − 1 = −0.2. Sawa.
ps − qr lazima iwe juu ya sifuri: −0.8 + 1.8 = 1. Sawa.

Mawili ya mwisho yanasema kwamba kusambaa kunauvunja utulivu huo. Tukichukua d = 10:

dp + s lazima iwe juu ya sifuri: 8 − 1 = 7. Sawa.
(dp + s)² lazima izidi 4d(ps − qr): 49 dhidi ya 40. Sawa.

Sharti la nne ndilo linalowaangusha wengi. Jaribu d = 8: 5.4 × 5.4 ni 29.16, nayo haifiki 32. Hakuna ruwaza. Kwa d = 9 unapata 38.44 dhidi ya 36, na inapita. Mpaka wenyewe uko karibu na 8.57. Kwa hiyo haitoshi v kuwa na kasi kidogo kuliko u; kwa namba hizi lazima iizidi zaidi ya mara nane na nusu.

Hatua ya 4: Kokotoa nafasi kati ya doa na doa

Mlinganyo wa nafasi ni huu (m inapima msongamano wa mawimbi: m ikiwa kubwa, nafasi ni ndogo):

    d·m² − (dp + s)·m + (ps − qr) = 0

Weka namba zetu: 10m² − 7m + 1 = 0. Majibu ni m = 0.2 na m = 0.5. Ruwaza zinazoweza kukua ni zile tu zenye m kati ya hizo mbili. Kugeuza m kuwa umbali, gawanya 6.283 kwa kipeuo cha pili cha m. Unapata 14.05 na 8.89. Inayokua haraka kuliko zote iko karibu na m = 0.32, yaani umbali wa 11 hivi.

Maana yake: ngozi hii haikubali doa na doa kukaribiana chini ya takriban 9, wala kuachana zaidi ya takriban 14. Namba ya chini, 8.89, izungushie duara kwenye karatasi yako. Ndiyo inayoeleza mkia wa kanu.

Hatua ya 5: Chora mkia

Andika programu hii kama ilivyo. Mkia ni bomba; tumeupasua na kuulaza kama mkeka wenye visanduku 8 kwa mzingo na 110 kwa urefu, kila kisanduku kikiwa uniti moja ya umbali wa hatua ya 4. Amri ya `np.roll` inaunganisha kingo, hivyo ukitokea juu unaingilia chini.

```
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

a, b, d = 0.1, 0.9, 10
dt, hatua = 0.02, 25000
mzingo, urefu = 8, 110

bahati = np.random.default_rng(7)
u = 1.0 + 0.01 * bahati.standard_normal((mzingo, urefu))
v = 0.9 + 0.01 * bahati.standard_normal((mzingo, urefu))

def sambaa(z):
    return (np.roll(z, 1, 0) + np.roll(z, -1, 0)
          + np.roll(z, 1, 1) + np.roll(z, -1, 1) - 4 * z)

for i in range(hatua):
    uuv = u * u * v
    du = a - u + uuv + sambaa(u)
    dv = b - uuv + d * sambaa(v)
    u += dt * du
    v += dt * dv

print(u.min(), u.max())
plt.imshow(u, cmap="gray_r", vmin=0, vmax=2)
plt.show()
```

Kabla ya kuiendesha, bashiri. Urefu wa 110 ukigawanywa kwa 14.05 ni 7.8, na kwa 8.89 ni 12.4. Basi tegemea pete zisizopungua 8 wala kuzidi 12. Kwa mzingo, visanduku 8 ni vichache kuliko 8.89, kwa hiyo hakuna wimbi linaloweza kuenea kuuzunguka mkia. Doa halina pa kukaa. Kinachobaki ni pete tu.

Ukishapata pete, badili mzingo uwe 24, kisha 60. Sasa mawimbi yanapata nafasi upande wa pili pia: pete zinapinda, zinaungana, zinakatika. Hujagusa kemia hata kidogo. Umenenepesha ngozi tu. James Murray, mwanahisabati aliyeieneza hoja hii miaka ya 1980, aliitumia hivyohivyo kuwalinganisha kanu na chui. Mkia wa kanu akiwa bado kiinitete ni mwembamba na karibu sawasawa urefu wote, kwa hiyo pete zinatanda. Wa chui ni mfupi, mnene shinani na unachongoka ghafla, kwa hiyo madoa yanafika mbali kabla ya pete za nchani. Na mnyama ambaye kiwiliwili chake kimebanwa kiasi cha kutoa milia tu, mkia wake mwembamba zaidi utapataje madoa?

Mambo yanayoharibika hapa

Skrini inajaa `nan` (yaani si namba). Umeongeza dt. Kwa njia hii ya kukokotoa, d × dt isizidi 0.25; kwa d = 10 mwisho wako ni 0.025. Ukipandisha d hadi 20, shusha dt hadi 0.01 na uongeze hatua maradufu.

Unaona mabaka hata kwa d = 8, ambako hesabu imesema hakuna kitu. Huu ni mtego wa Matplotlib, si wa Turing. Ukiondoa `vmin` na `vmax`, programu huvuta rangi kutoka thamani ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, hata kama tofauti ni sehemu moja ya milioni. Makelele yanayokufa yanaonekana kama ngozi ya chui. Soma kwanza namba mbili zilizochapishwa na `print`: zikiwa 1.0000 na 1.0000, hakuna ruwaza, picha iseme nini.

Picha ni kijivu tupu ingawa d ni 10. Hujaipa muda. Mtikisiko wa 0.01 hukua takriban mara 2.7 kwa kila uniti 17 au 18 za muda, na uniti moja ni hatua 50. Hatua 2,000 hazitoshi. Au umesahau mtikisiko kabisa. Bila huo, kila kisanduku ni sawa na jirani yake na kitabaki hivyo.

Kosa dogo: kuongeza u kabla ya kukokotoa dv. Picha itatokea, ila v itakuwa imetumia u ya hatua inayofuata badala ya ile ya hatua hiyohiyo.

Hatua ya 6: Madoa au milia?

Kwa kazi hii badili modeli. Ile ya Gray na Scott, ya miaka ya 1980, imechunguzwa sana tangu John Pearson alipoonyesha wingi wa ruwaza zake mwaka 1993, na ni nyepesi kwa kompyuta. Acha mistari ya `import`, `bahati` na `sambaa` ilivyo, ubadili mengine:

```
n = 256
Du, Dv, F, k = 0.16, 0.08, 0.035, 0.065
u = np.ones((n, n))
v = np.zeros((n, n))
u[118:138, 118:138] = 0.50
v[118:138, 118:138] = 0.25
u += 0.05 * bahati.random((n, n))
v += 0.05 * bahati.random((n, n))

for i in range(25000):
    uvv = u * v * v
    du = Du * sambaa(u) - uvv + F * (1 - u)
    dv = Dv * sambaa(v) + uvv - (F + k) * v
    u += du
    v += dv

plt.imshow(v, cmap="gray_r")
plt.show()
```

Hapa v ndiyo inayokula na u ndiyo chakula, kinyume cha mwanzo; usichanganye. F ni kasi ya kuletewa chakula, k ni kasi ya v kuondolewa.

Kwa F = 0.035 na k = 0.065 unapata madoa yanayogawanyika: moja linavimba, linabanwa kiunoni, linakuwa mawili. Shusha k hadi 0.060 bila kugusa kingine, na madoa yanageuka milia inayopinda. Tofauti ya 0.005 tu. Kwa F = 0.060 na k = 0.062 ngozi nzima inajaa njia zilizofungamana kama matumbawe. Ukipandisha k hadi 0.070 huku F ikiwa 0.035, v yote inakufa na unabaki na ukurasa mtupu.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Kwenye modeli hii, ngozi tupu (u = 1, v = 0) ni tulivu kabisa. Mtikisiko mdogo hauianzishi. Ndiyo maana tumepanda mraba wa visanduku 20 kwa 20 katikati. Ukiupunguza hadi viwili au vitatu, mbegu inaweza kufa kabla ya kuota. Hii ni tofauti na hatua ya 5, ambako makelele yenyewe yalitosha. Kwa hiyo ukitaka kueleza wazo la Turing, onyesha hatua ya 5. Hii ya 6 itumie kuonyesha aina za ruwaza.

Hatua ya 7: Rudi kwa mnyama

Visanduku havina milimita mpaka uvipe. Mwaka 1977 Jonathan Bard alipendekeza kwamba milia ya punda milia wa aina zote hupangwa ikiwa na nafasi ileile, takriban milimita 0.4, ila kwa umri tofauti wa kiinitete: karibu wiki ya tatu kwa punda milia wa kawaida, wiki ya tano kwa yule wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia. Ukilinganisha na mawimbi yetu ya visanduku 11, kisanduku kimoja ni kama milimita 0.036. Punda milia wa kawaida mwenye milia takriban 26 alipangwa kwenye mwili wa milimita 10 hivi, sawa na visanduku 286. Wa Grevy ana takriban 80: milimita 32, visanduku 880. Gridi zote mbili zinakokotolewa bila shida ukitumia mzingo mdogo. Milia myembamba ya Grevy, kwa hoja hii, ni ya aliyechelewa kuchorwa, si ya kemia nyingine.

Usiyachukulie haya kuwa ushahidi wa molekuli. Picha kufanana na ngozi hakuthibitishi kilichomo ndani ya ngozi. Kwa paka wa nyumbani, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba jeni iitwayo Dkk4, ambayo bidhaa yake ni kizuizi, huwaka kwa mpangilio wa milia kwenye ngozi ya kiinitete kabla vinyweleo havijaota. Hapo modeli inapata miguu. Kwa wanyama wengi bado hatuna ushahidi wa namna hiyo, na anayekuambia namba za F na k za twiga anabahatisha.

Samaki wanatoa jaribio lililo wazi zaidi. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai walichapisha vipimo vya kitatange wa jenasi Pomacanthus, ambao wanapatikana pia kwenye matumbawe ya pwani yetu. Samaki mchanga wa aina ya Pomacanthus semicirculatus, akiwa chini ya sentimita 2, ana milia mitatu. Akifika sentimita 4 hivi, mipya huchipuka katikati ya ile ya zamani, na nafasi inarudi kama mwanzo. Ngozi yake bado inakokotoa.

Unaweza kuliiga. Baada ya mkia wa hatua ya 5 kutulia, ongeza mistari hii kabla ya kuchora:

```
u = np.repeat(u, 2, axis=1)
v = np.repeat(v, 2, axis=1)
u += 0.001 * bahati.standard_normal(u.shape)
```

Kisha nakili kitanzi cha `for` cha hatua 25,000 hapo chini na ukiendeshe upya. Pete zilizovutwa hadi nafasi ya 22 hivi zimetoka nje ya mipaka ya 9 na 14 uliyokokotoa kwa mkono. Idadi yao inapanda hadi nafasi zirudi ndani. Ukitaka ngozi ya chui badala ya samaki, fanya `np.repeat` bila kukiendesha kitanzi cha pili: idadi inabaki ileile, na kila pete inanenepa maradufu.